Tupeane uzoefu: bati la mwanga na mvua ya mawe

Jamani wa Kampala, mvua za Machi mpaka Mei zikianza nyie wenye yale mabati ya plastiki ya kupitisha mwanga mnafanyaje? La sebuleni kwangu lilikuwa jeupe pee tunahamia, sahii ni la njano kama mafuta ya kupikia, juzi mawe yamelitoboa katikati, kochi lote chepechepe. Leteni yenu.

Mwenye Stoo: Pole sana. Letu lilikuwa faibaglasi. Jua linakula ile gundi ya juu mpaka nyuzi zinatokeza, ukipitisha mkono unajikuna hadi jioni. Ukishaona nyuzi, hilo limekwisha.

Fundi Ndeeba: Mawe yanabebeshwa lawama za jua bana. Polikaboneti, ile plastiki nyingine ya kupitisha mwanga, ikiwa mpya ni ngumu kuvunjika kuliko kioo cha kawaida, sasa nyingi zina kinga ya jua upande mmoja tu, ule wenye nailoni iliyoandikwa, fundi wa harakaharaka anaugeuza chini, bati linapauka linakauka, baadaye kajiwe kadogo tu, pwaa! Halafu tundu liwe pana kuliko skrubu, plastiki inatanuka kwa joto kuliko chuma, mkikaza mpaka mwisho ufa unaanzia hapo hapo kwenye skrubu. Ndo maana mnavujiwa hata siku isiyo na mawe.

Mama Wawili, Fort Portal: Mimi naogopa kupanda kuliko mawe. Kijana wetu alienda kufunika na turubai usiku, kunateleza, tochi mdomoni, akakanyaga bati lenyewe akashuka nalo mpaka jikoni. Mguu ukavunjika, sufuria ya maharagwe nayo ikaenda.

Fundi Ndeeba: Hayo hayakanyagwi mama, hata jipya. Sisi tunalaza ubao ushike mbao mbili za chini ndo unapita juu yake.

Bodaboda Mbarara: Ng'oeni mweke chuma yaishe

Mwenye Stoo: Halafu niwashe taa saa sita mchana, bili utalipa wewe?

Mleta mada: Fundi, nailoni yangu ilitupwa zamani, upande nitaujuaje?

Fundi Ndeeba: Likishafungwa kwa macho hujui, na kwa hiyo njano badilisha tu. Jipya ulichore na maka upande wa juu, pembeni, kabla hawajabandua nailoni, na usimame hapo wakifunga.