Baiskeli ya kujiundia: gia za kaseti au za friwili?

Omosh_Ksm: Wakuu, naunda baiskeli yangu mwenyewe, kipande kwa kipande. Fremu ya mtumba ninayo, niliipata soko la Kibuye, Kisumu. Kilichobaki ni gurudumu la nyuma: habu (kitovu cha gurudumu) ya kaseti gia tisa, ambayo meno ya gia huvishwa juu ya habu, au friwili gia saba, ambayo meno na kizungushio chake ni kitu kimoja kinachokazwa kwenye habu kama kifuniko? Jumapili narudi sokoni na pesa mkononi.

FundiKondele: Fremu ya chuma au alumini? Upana wa nyuma, pale habu inapokaa, ni milimita ngapi? Unaenda nayo wapi, umebeba nini?

Omosh_Ksm: Chuma. Ni ya mlima nadhani, stika zimetoka. Ni ya kwenda kazini.

FundiKondele: Kazini wapi? Wa Milimani kwenda mjini hata gia moja inamtosha. Wa Maseno ukishapita Kisian ni kupanda tu. Pima kwanza. 135 ni ya mlima, 130 ni ya barabara.

Milima_Vihiga: Kaseti, hapana mjadala. Friwili huacha gololi za upande wa cheni mbali na mwisho wa ekseli, basi ukipakia mzigo ekseli inapinda. Huku Mbale na Chavakali tumezipinda mpaka tumechoka.

Mwl_Nakuru: Na spea je? Friwili iko kila duka la baiskeli hadi Ahero. Kaseti ikiisha meno utaitafuta mjini. Tena ukichukua gia tisa, kiwiko cha kubadilishia nacho kiwe cha tisa, cheni nayo nyembamba zaidi. Pesa hiyo umeihesabu?

Nafula_Kakamega: Omosh kaka, kabla ya gia tazama saizi ya gurudumu. Nilikuwa na tairi za baiskeli ya Black Mamba, nzima kabisa, nikaenda kununua rimu. Muuzaji akaniapia kwamba tairi lolote la 28 linaingia rimu yoyote ya 28. Tukavisha, tairi likapwaya kama shati la kuazima. Fundi akaligeuza ubavu, akanisomea namba ndogo, kipenyo cha pale tairi linapokaa kwenye rimu, kwa milimita: 635. Rimu ilikuwa 622. Zote zinaitwa 28, na zinapishana milimita 13! Nikarudi dukani siku hiyo hiyo, mwenye duka akakataa kubadilisha, eti rimu zimekwaruzwa. Nikanunua tairi nyingine, kumbe breki nazo hazifikii rimu. Pesa ya kodi ya nyumba iliishia hapo. Soma namba ya ubavuni, usisikize jina.

Mwl_Nakuru: Pole sana dada. Ndiyo maana nasema fremu za alumini zingepigwa marufuku sokoni, hakuna anayezichomelea vizuri.

Milima_Vihiga: Mwalimu, alumini imeingiaje hapa? Amesema chuma. Na wachomeleaji wa alumini wapo, ni gesi tu ghali.

Mwl_Nakuru: Ikishachomelewa nguvu yake hairudi ile ya kiwandani. Chuma unachomelea hata Luanda ya Vihiga chini ya mti, unaendelea na safari.

Omosh_Ksm: Nimepima, inakuja 126. Naenda Maseno, nabeba vitabu.

FundiKondele: 126? Hiyo si ya mlima, labda ni ya barabara ya zamani. Umepima ndani ya fremu au nje? Weka picha na rula ikionekana.

Milima_Vihiga: Kama ni chuma, inapanuliwa hadi 130 na habu ya kaseti inaingia.

Mwl_Nakuru: Au anaiacha ilivyo, friwili ya gia saba inakaa hapo bila kuguswa.

Nafula_Kakamega: Vitabu vingapi? Nina keria ya chuma nauza.