Hadithi ya mtoto mtandaoni: tumfungulie mlango, au daftari linatosha?

Mzazi, Morogoro

Wandugu, nina jambo limetushinda nyumbani, nimelileta kwenu.

Binti yangu yuko darasa la sita. Likizo iliyopita aliandika hadithi ya konda wa daladala aliyemezwa na mlango wa gari lake mwenyewe. Kurasa kumi na moja za daftari, na tangu siku hiyo kila mgeni anayeketi sebuleni anasomewa kabla hajaletewa chai. Jirani akaniambia kuna mashindano ya uandishi ya watoto mtandaoni, nimwandikishe. Nikaingia nikasoma masharti. Ada ya kushiriki, ukiibadili kwa hela yetu, ni kama elfu arobaini. Watakaochaguliwa watatiwa kwenye kitabu kimoja, ambacho mzazi atakinunua. Jina kamili la mtoto, umri, shule na picha ni lazima. Na chini kabisa, kwa herufi za kusomea miwani: kazi ikishatumwa ni mali ya waandaaji.

Nikafunga. Mke wangu anasema nimemnyima mtoto nafasi kwa ubahili wangu, na watoto wa wenzetu wana vyeti ukutani.

Msimamo wangu ni huu, mnipige mawe: mtoto aandike na asomwe na watu asiowajua, sikatai. Ila pasiwe na ada, pasitajwe shule, hadithi ibaki yake, na iwe kwa Kiswahili. Kama mahali hapo hapapo, basi daftari.

Mwalimu, Kakamega

Ndugu yangu, kwa hiyo ada umefanya vyema. Kitabu ambacho wanunuzi wake ni wazazi wa waliomo ndani hakina wasomaji, kina wateja.

Lakini daftari halitoshi, na mimi nimesahihisha madaftari miaka mingi. Huku kwetu, hadi KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ulipofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mtoto alipewa dakika 40 kuandika insha ya alama 40. Mkisikia alama, mnajua kilichofuata: watoto wakakariri mianzo. Jua lilichomoza, ndege wakatumbuiza, umande ukang'aa majanini. Nimewahi kusahihisha insha ya wizi wa usiku wa manane, na jua likachomoza vilevile, ndege nao wakatumbuiza. Ukimuuliza mtoto, anakwambia ndivyo insha inavyoanza. Mtihani umekwenda zake lakini mianzo imebaki, ndugu mdogo anairithi kwa kaka yake pamoja na sare.

Sasa mimi nina kikundi kwenye WhatsApp, cha simu za wazazi, si za watoto. Kila Ijumaa mtoto mmoja anarekodi hadithi yake kwa sauti na mzazi anaituma. Muhula uliopita msichana mmoja alileta kisa cha mbuzi wa nyanyake aliyepotea siku ya soko. Mzazi mmoja anayefanya kazi Doha akajibu: "Ehe, na mbuzi akarudi?" Basi. Neno hilo tu. Jumatatu mtoto ameniletea sehemu ya pili, hakuna aliyemtuma. Alama zangu hazijawahi kumfanya mtoto aandike sehemu ya pili.

Ndiyo maana nasema mlango ufunguliwe. Na hilo sharti lako la Kiswahili pekee, mzee, umelikaza mno. Shindano la insha la Jumuiya ya Madola lipo tangu 1883, halitozi chochote, lina kundi la walio chini ya miaka 14, na insha hutumwa mtandaoni. Ni la Kiingereza, sawa. Mtoto anayekiweza kwa nini azuiwe?

Mama, Mombasa

Mie nawasoma tu hapa naona mnazungumza ada na lugha, lile kubwa mmelipita.

Mtoto hajui siri ni nini. Anaandika anachokiona. Mwanangu wa pili, alipokuwa na miaka kumi, aliandika hadithi nzuri sana ya baba anayekuja nyumbani kwa kunyata na mama anayejifanya amelala. Mwalimu wake akaipenda, akaiweka kwenye ukurasa wa shule, na jina la mtoto na la darasa. Hakuwa na ubaya, maskini, alitaka kumsifu. Ilikaa siku mbili tukaitoa. Lakini watu walikuwa washaipiga picha kwenye simu zao, nami nikawa naulizwa msibani, "Mama fulani, kwani kuna nini?" Mtoto akaacha kuandika. Ana kumi na sita leo, hajarudi.

Hiyo mitandao yenyewe imeweka umri. Wattpad, mtandao wa kuandika na kusoma hadithi, wanasema miaka 13. Na sisi wazazi ndio tunaowashika mkono watoto kudanganya mwaka wa kuzaliwa, kisha twajiita walezi. Mie nasema asiyefika umri huo asiende kabisa, awe na jina lake au la bandia. Mwalimu, kikundi chako ni kizuri, lakini kina watu wangapi? Na kila mmoja ana simu ya kupelekea mbele.

Mhariri, Dar es Salaam

Dada wa Mombasa, pole sana. Naongeza mambo ya kazini kwangu.

Hiyo 13 haikutokana na utafiti wa lini mtoto yuko tayari kusomwa. Imetoka kwenye sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayohusu kukusanya taarifa za watoto walio chini ya umri huo bila idhini ya mzazi. Kampuni zikaona rahisi kuwakataza kuliko kuwatafuta wazazi. Kwa hiyo mtoto kutimiza 13 hakumkingi na lililomkuta mwanao. Hata mwenye 15 huandika anachokiona.

Kwetu kuna sheria zilizo karibu zaidi na hili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya 2022, inaziweka taarifa za watoto kwenye kundi la taarifa nyeti. Ya Kenya, ya 2019, inataka idhini ya mzazi au mlezi, na taarifa zitumike kwa maslahi ya mtoto. Mzazi wa Morogoro, waulize hao waandaaji picha na jina la shule wanavitaka kwa kazi gani. Nina hakika watapata kigugumizi.

Pili, hakimiliki. Binti yako ana hakimiliki ya yule konda tangu alipomaliza kuandika, haingoji afike 18 wala asajiliwe popote. Sharti la "mali yetu" linamnyang'anya. Lakini msichanganye kunyang'anywa na leseni huria. Tovuti ya African Storybook, kwa mfano, ina hadithi za Kiswahili na za lugha nyingine nyingi za Afrika, chini ya leseni ya Creative Commons: jina la mwandishi linabaki, ila yeyote anaweza kunakili, kutafsiri, hata kuigeuza. Ni jambo jema sana kwa shule isiyo na vitabu. Ila ukishaitoa leseni ile huirudishi, na hapo ndipo mtu mzima anapaswa kumweleza mtoto kwa lugha anayoielewa, si kumbonyezea.

Na Kiswahili: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu imeingiza hadithi za watoto, lakini hizo ni za kuandikiwa watoto. Za kuandikwa na watoto bado ni pengo, namuunga mkono Mzazi hapo.

La mwisho, samahani kama nitaudhi. Hadithi nyingi za "mtoto wangu wa miaka tisa" zinazonifikia zimeandikwa na baba yake. Siku hizi baba naye amepata msaidizi, akili mnemba. Hazina kosa hata moja, na hakuna konda anayemezwa na mlango.

Mkazi wa Leicester

Kwa ufupi. Watoto wangu huku wanaandika Kiingereza shuleni kutwa, hata BBC ina shindano lake la maneno 500 kwa watoto wa Uingereza. Kiswahili wanaandika kwa mtu mmoja tu, bibi yao aliye Tanga, kwenye simu ya mjomba. Makosa tele. Bibi anacheka, anasahihisha, anaomba nyingine. Sijaona shindano linaloweza kumpita bibi.

Mzazi, Morogoro

Nimerudi. Dada wa Mombasa umenilaza macho.

Nimeisoma tena hadithi ya konda, safari hii peke yangu. Konda ana kigugumizi, ana jino la dhahabu, anakopa kila duka la mtaa. Ni shemeji yangu. Hata jina hakulibadilisha. Sebuleni tulikuwa tunacheka wote, naye akiwemo, na sikuwaza kwamba mtu wa mbali angemsoma tofauti.

Nikamuuliza binti: unataka zawadi? Hapana. Cheti je? Akafikiri kidogo. "Nataka wacheke watu ambao hawamjui anko." Nikamwambia basi kwanza umwombe anko, na umbadilishe jina. Amekwenda kumwomba. Shemeji amekubali kwa sharti kwamba jino la dhahabu libaki.

Mwalimu wa Kakamega, sharti langu la lugha naliacha. Lako la simu za wazazi nalichukua. Una nafasi ya mtoto mmoja wa Ijumaa kutoka huku? Atatumia jina la kujitungia, ameshalichagua, ila ameniapisha nisilitaje hapa.

Mke wangu amesoma mjadala wote. Anauliza kikundi hicho kinatoa cheti.

Mwalimu, Kakamega

Hakitoi, shemeji. Mtumeni mtoto Ijumaa, saa moja jioni. Na atuambie huo mlango ulimtapika au la.