Mrejesho: Picha ya zamani ya Kanisa Kuu la Truro

Nawashukuru wote mlionijibu nilipouliza namna ya kukadiria umri wa picha isiyo na tarehe, inayomwonyesha kasisi wa Kianglikana akiwa amesimama mbele ya Kanisa Kuu la Truro, huko Uingereza.

Mliniambia niache kwanza uso wa kasisi nitazame minara, na ushauri huo ndio uliofungua njia. Ujenzi wa kanisa hilo ulianza mwaka 1880 na minara yake miwili ya upande wa magharibi ilikamilika mwaka 1910. Nilipoweka kioo cha kukuzia juu ya picha niliuona mnara wa kati ukiwa umekamilika hadi kwenye ncha, ilhali upande wa magharibi kulikuwa na majukwaa ya miti ya mafundi, ambayo kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiyadhania kuwa madoa ya ukungu. Kwa hiyo picha ilipigwa kabla ya 1910, wala si miaka ya 1920 kama nilivyodai.

Kuhusu kasisi, nakiri nilikosea. Nilimwita askofu kwa sababu ya aproni fupi nyeusi na vifuniko vya miguu vyenye vifungo hadi gotini, kumbe maarkidikoni (makasisi wakuu wanaomsaidia askofu) na wakuu wa makanisa makuu nao walivaa hivyo. Nimefuta neno «Askofu» nyuma ya picha na kuandika «kasisi mwenye cheo», kwa penseli safari hii.