Bogart au Bronson: nimchukulie mzee seti ipi?

Mchomvu: Wakuu, mzee wangu anatimiza miaka 75 Jumamosi. Anapenda wababe wa Hollywood ya zamani. Dukani kuna seti mbili za DVD, ya Humphrey Bogart na ya Charles Bronson. Nichukue ipi?

Kibogoyo: Mleta mada, bei? Filamu zipi zimo? Mzee anavumilia picha zisizo na rangi?

MamaTatu: Bogart, sijui mnajadili nini. Miaka ya 1930 studio ya Warner walikuwa wanampa vijambazi vya kuuawa na nyota wao James Cagney. Mwigizaji mwenzake George Raft akaikataa filamu ya High Sierra, akaikataa na The Maltese Falcon, zote zikamwangukia Bogart, zikatoka 1941 akiwa na miaka 41. Anakutazama, anavuta sigara, ndiyo anajibu. Bronson ni risasi tu.

Kijiti: Risasi tu? Bronson alichimba makaa ya mawe Pennsylvania kabla ya kuigiza, ule uso si wa poda. Bogart wako mtoto wa daktari wa New York! Na kama sifa ni kuchelewa, filamu yake ya Death Wish ilitoka 1974 Bronson ana 52.

Kibogoyo: Kabla hamjashikana mashati. Mimi niliagiza seti ya wababe kutoka Marekani, duka moja la mtandaoni. Nikangoja wiki saba, nikalipa ushuru, nikaita majirani, bisi tayari. Deki ikaimeza diski, ikanung'unika, ikaitema. Kumbe DVD zinafungwa kwa maeneo ya dunia: diski zao ni za eneo namba 1, deki za huku kwetu ni namba 5. Muuzaji namwandikia, ananijibu nimeshachana nailoni. Sasa zinafukuza ndege kwenye mchicha. Mchomvu, geuza boksi usome namba!

Kijiti: Pole, ila nimecheka.

MamaTatu: Na Bogart alifika hadi Uganda kupiga filamu ya The African Queen.

Nyangumi: Ilikuwa Kongo, dada.

MamaTatu: Kote kuwili, kaka. Mto Ruiki kule Kongo, kisha Butiaba na maporomoko ya Murchison kule Uganda. Matumbo yaliwaangusha wenzao, yeye na mwongozaji John Huston wakaponea kwenye wiski. Filamu hiyo ndiyo iliyompa Oscar yake pekee.

Mchomvu: Nimemchokonoa mzee kijanja. Anamtaka John Wayne, yule wa Hatari!, filamu ya kukamata wanyamapori kule Arusha. Halafu deki yenyewe iliungua mwaka juzi, anatumia flashi.

Kibogoyo: Na hilo ulikuwa unalificha?

Kijiti: Wayne kukimbiza vifaru na gari ndiyo ubabe?

Nyangumi: Kashike mkia wa kifaru wewe, tukuone.