Stelingi inagonga, inalia, inakaza: tupeane uzoefu, gari za Malindi

Wa Maweni
Jamani, kuna mlio mmoja unamaliza watu pesa hapa mjini. Gari ikipita kwenye mawe ya matumbawe unasikia "ko, ko" ndani ya usukani, mpaka kwenye viganja. Tairodi endi zinabadilishwa, reki endi zinabadilishwa (vile viungo vya fimbo zinazogeuza tairi), gari inatoka gereji na "ko, ko" yake ile ile. Mwenye ujuzi aseme mtu anakagua vipi, si kutaja vipuri tu.

Fundi wa Barani
Mlio unaofika viganjani, anza na krosi (kiungo cha msalaba kinachopinda) ya shafti fupi, ile inayounganisha usukani na reki, yaani fimbo ya meno inayogeuza tairi. Zima injini lakini ufunguo usiutoe, usukani usije ukajifunga. Mtu akae kwenye kiti autikise kushoto kulia kwa upana wa vidole viwili, asiuzungushe. Wewe jipenyeze chini ya dashibodi kando ya pedali, uifumbate krosi. Iliyokufa utaisikia kwenye ngozi kabla ya sikio: upande wa juu unatangulia, wa chini unachelewa kidogo, kisha unagonga.

Krosi ikiwa nzima ndipo upige jeki. Shika tairi kwa ubavuni, mkono kushoto na mkono kulia, utikise: ikicheza ni tairodi endi au reki endi. Shika juu na chini: ikicheza hapo ni bering ya tairi au bol jointi (kiungo cha duara kinachobeba tairi). Watu wanaanzia huku kwa sababu ni rahisi kufikia, ndiyo maana krosi inasahaulika.

Wa Muyeye
Kweli kabisa fundi. Na kwa Toyota nyingi mchezo wa usukani unaoruhusiwa, ukipima kwenye duara lake tairi zikiwa zimenyooka, hauzidi milimita 30.

Wa Mokowe
Huku kwetu gari zinaachwa gatini wiki kadhaa, wenyewe wamevuka kwenda Amu (Lamu), na upepo wa chumvi unazipiga usiku na mchana. Krosi haigongi, inashika kutu. Dalili yake ni hii: ukizungusha usukani duara moja, unakaza mahali pawili, katikati unalegea. Reki mbovu haifanyi hivyo. Pulizia dawa ya kulegeza kutu kwenye vikombe vinne vya krosi, zungusha mwisho hadi mwisho mara kumi, inafunguka.

Fundi wa Barani
Ami yangu, inafunguka kweli, lakini dawa ile inaosha grisi iliyobaki kwenye sindano za bering (vyuma vyembamba vilivyo ndani ya vikombe). Baada ya muda ile iliyokuwa inakaza inaanza kugonga. Ipulizie ufike nyumbani, kisha badilisha.

Dereva wa Gongoni
Na zile za pawa ya oili, ambazo pampu ya oili ndiyo inalainisha usukani? Nyingine zinalia "uuuu" ukikata kona.

Wa Shela
Pampu imevuta hewa. Fungua kifuniko cha tangi; oili ikiwa na povu, umepata jibu. Tafuta kwanza mpira unaovuja. Kisha inua tairi zote mbili za mbele, injini imezimwa, zungusha usukani polepole mwisho hadi mwisho mara 20 hivi, huku ukiongeza oili kila inaposhuka. Povu likiisha ndipo uwashe. Na usiubane usukani mwisho wa kona zaidi ya sekunde 5, pampu inachemka.

Ikiwa ni kelele kali ya kupiga yowe, mwagia mkanda wa pampu maji kidogo. Kelele ikikatika hata kwa muda mfupi, kosa ni la mkanda, pampu iacheni.

Wa Ganda
Mnapeleka watu mbali. Kaza nati ya reki, mlio unaisha.

Fundi wa Barani
Hapo utaua mtu, kaka. Nati ile inabana springi inayosukuma reki kwenye pinioni (gia ndogo ya shafti ya usukani). Reki huisha katikati, kwa kuwa gari hutembea imenyooka muda mwingi. Ukikaza mpaka katikati pasicheze, pembeni panabana, na usukani haurudi baada ya kona.

Wa Ganda
Watu wanakaza vibaya, nati haina kosa. Moja ya nane ya mzunguko, ujaribu barabarani. Usukani usiporudi wenyewe, legeza.

Fundi wa Barani
Kwa kipimo hicho sikupingi. Ila kabla ya kugusa nati, weka mkono kwenye springi ya shoki huku mwenzio anageuza usukani. Springi ikikwama kisha ikaruka "dong", bering ya juu ya shoki ndiyo imekufa, nayo pia inazuia usukani kurudi.

Wa Kibokoni
Toyota Axio na Fielder za modeli ya NZE141 msizitafutie oili. Pawa yao ni mota ya umeme kwenye shafti ya usukani, ndani ya gari. Usukani ukiwa mzito ghafla, anza na betri na vichwa vyake. Chumvi ya huku inaota ukungu mweupe pale. Ukisikia mkwaruzo mkavu tu miguuni, ni mpira wa pale shafti inapotokea sakafuni: paka grisi ya silikoni, ile ya kawaida inavimbisha mpira.

Wa Mambrui
Kuna Hiace ya abiria ilitoka kubadilishwa krosi. Kabla ya daraja la Sabaki usukani ukazunguka mtupu, tairi zinafuata njia yao. Dereva akafunga breki, gari ikasimama majanini. Boliti ya krosi haikuwepo.

Wa Muyeye
Ya Rabi! Boliti inatokaje?

Dereva wa Gongoni
Fundi tueleze hili, mengine yangoje.

Fundi wa Barani
Shafti ina mkato pembeni, na boliti lazima ipite kwenye mkato huo. Ukiifunga krosi kabla shafti haijazama yote, boliti inapita juu ya ncha, inakaza vizuri mkononi, halafu mtikiso unaitoa.

Kwa hiyo, nyoosha tairi, funga usukani kwa mkanda wa kiti usizunguke, la sivyo waya wa honi na mfuko wa hewa ulio nyuma yake unakatika. Ukilazimika kuutoa usukani wenyewe, toa waya wa hasi wa betri usubiri angalau sekunde 90. Chora alama kwenye shafti na krosi kabla ya kuvitenganisha. Ukirudisha, sukuma hadi uone mkato kupitia tundu la boliti, ndipo uitie.

Wa Maweni
Na mwenye gari atajuaje kama imekazwa?

Fundi wa Barani
Ikishakazwa, piga mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha boliti hadi kwenye krosi. Chungulia na tochi baada ya siku mbili tatu. Mstari ukiwa umekatika, usiwashe gari.