Nyanya Kimbiji: majani zambarau kwa chini

Wakuu, nyanya zangu huku Kimbiji, Dar, mchanga mtupu, zimedumaa. Ukigeuza jani, mishipa ni zambarau. Nilipandikiza Aprili, masika yamepamba moto. Nimwage DAP (mbolea yenye fosforasi) juu?

— Mkuu, hiyo ni njaa ya fosforasi. Usimwage juu! Fosforasi haitembei udongoni, lazima iwe jirani na mizizi. Chimba kishimo kando ya mche, weka DAP ya kujaa kifuniko kimoja cha soda, fukia. Isiguse mzizi, itauunguza.

— Na msimu jamani. Masika Dar ugonjwa wa ukungu hauishi. Sia Mei, pandikiza Juni: usiku una ubaridi, maua hayapukutiki kama Januari.

— Mbolea ya fosfeti ya Minjingu je?

— Nzuri, ila inayeyuka polepole. Miche hiyo haitaisubiri.