Tupeane uzoefu: Watu wa Eastlands, mmeona nini uwanjani ambacho wanaotuita wahuni hawajaona?

Mwanzilishi, Umoja

Wadau, nimechoka kunyamaza. Tangu CHAN ya Agosti 2025, lile kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, kila kitu kikiharibika kwenye mpira Nairobi, lawama inateremka na Jogoo Road mpaka kwetu, mitaa ya mashariki mwa jiji. Mageti ya uwanja wa Kasarani yalipovamiwa na CAF ikaamuru timu yetu ya taifa, Harambee Stars, wacheze mbele ya watu 27,000 tu, yaani asilimia 60 ya uwanja, sikusikia watu wakiuliza mageti yalipangwa vipi, foleni zilikuwa ngapi, na mwenye tikiti alielekezwa wapi. Nilichosikia ofisini, kwa matatu na hata kwa kinyozi ni hiki: "Ni vijana wa Eastlands hao." Halafu wakazidisha chumvi. Eti timu zetu hazina mashabiki, mashabiki wetu hawalipi, na mwenye pesa zake hukaa nyumbani akatazama Arsenal.

Kuvunja geti ni makosa, na mimi sitamtetea aliyefanya hivyo. Watu wanaweza kukanyagwa pale wakafa. Lakini kuchukua kosa la umati wa siku moja ukalibandika upande mzima wa jiji, kuanzia Shauri Moyo mpaka Dandora, hilo silikubali hata kidogo.

Hebu tuangalie mpira wa nchi hii ulikotoka. MacDonald Mariga, Mkenya wa kwanza kushinda Ligi ya Mabingwa Ulaya, akiwa na Inter mwaka 2010, na mdogo wake Victor Wanyama, Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Southampton mwaka 2013, ni watoto wa Muthurwa. Dennis Oliech, aliyefunga bao dhidi ya Cape Verde pale Kasarani mwaka 2003 tukafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kule Tunisia, alipitia Mathare United. Na Mathare United yenyewe ilikuwa bingwa wa ligi mwaka 2008. Hao wote walianza wakichezea vumbi, na kando ya lile vumbi kulikuwa na watu wamesimama juani wakiwapigia kelele za moyo. Watu hao ndio leo wanaitwa wahuni.

Kwa hivyo naomba tupeane uzoefu. Uliyoyaona kwa macho yako, mazuri na mabaya. Ya kusikia tuachie vijiwe.

Mama Chai, Kaloleni

Mwanangu, asante kwa kuanzisha hili. Mimi nimeuza chai na mandazi karibu na City Stadium tangu watoto wangu wakiwa wadogo, na wote wamesoma na pesa ya mashabiki hao hao.

Siku ya derby, Gor Mahia na AFC Leopards, naamka usiku kukanda unga. Wale wa Ingwe, yaani Leopards, wanakuja na ngoma zao za isikuti, unazisikia zikiwa bado mbali. Wale wa Gor wanaanzia mjini, pale kwa sanamu ya Tom Mboya, wanashuka wakiimba mpaka huku. Mtu asiyewajua atadhani vita vinakuja. Mimi najua ni wateja. Benchi langu ni moja, na hukaa jezi ya kijani na jezi ya buluu bega kwa bega, wanataniana ushemeji mpaka chai inapoa.

Kuna derby moja gesi ilipigwa nje ya uwanja, watu wakatimua mbio, sufuria yangu ya chai ikamwagika yote na vikombe vikavunjika. Nilikaa chini nikalia, kwa sababu ile ilikuwa faida yangu ya wiki. Hali ilipotulia, vijana wa Gor walirudi wakachanga pesa kwenye kofia, mmoja mmoja, wakaniletea. Wale wa Ingwe wakaokota vyombo na kuinua meza. Hakuna aliyewatuma, na mpaka leo wengine siwajui majina. Sasa mtu akiniambia hao ni wahuni, ninamuuliza: wewe ukimwaga chai ya mtu, huwa unarudi?

Kocha wa watoto, Mathare

Mimi nimelelewa na MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kwa hivyo naongea kama mtu wa nyumbani. Ilianzishwa mwaka 1987, na jambo ambalo watu wa nje hawalijui ni kwamba pale mpira na usafi vilifungwa pamoja. Timu ya watoto inatoka asubuhi na reki, koleo na mkokoteni, inazibua mitaro na kuzoa taka za mtaa, na kazi hiyo inaipa pointi kwenye jedwali la ligi. Unaweza kushinda mechi zako na bado ukapitwa na timu iliyofagia kuliko wewe. Mimi mwenyewe nilishawahi kukosa kombe hivyo, na nikajua tulistahili kulikosa.

Fikiria hilo linafanya nini kwa shabiki. Mama aliyeona mtoto wake akizoa takataka mbele ya mlango wake, Jumamosi anakuja kiwanjani kumwona akicheza. Anakuja na mtoto mwingine mgongoni. Anakuja na jirani. Hawana viti, hawana kivuli, mstari wa pembeni ni chokaa au hakuna, na bado huwezi kuona mtu ameingia ndani ya kiwanja, kwa sababu kila mtu pale ana mtoto, mpwa au mjukuu kwenye mechi ijayo.

Mathare United ilizaliwa humo mwaka 1994. Mwaka 2008, tulipochukua ligi chini ya Francis Kimanzi, nilikuwa nimeshakua mtu mzima. Niliona wazee wakitembea Juja Road wakicheka peke yao. Kusema timu hiyo haina mashabiki ni kutojua shabiki ni nani. Hatuna nyimbo nyingi wala mabango, hilo ni kweli. Tuna watu.

Mkazi wa Lang'ata

Nitasema jambo ambalo hamtalipenda. Mimi ni shabiki wa Harambee Stars na niliacha kwenda uwanjani kwa miaka kadhaa. Niliibiwa simu kwenye msongamano wa kutoka. Mara nyingine kioo cha gari la jirani yangu kilipasuliwa kwa jiwe baada ya derby. Na dada yangu alitukanwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mnataka tujifanye hayo hayakutokea?

Mwanzilishi, Umoja

Ndugu wa Lang'ata, pole kwa yote, na hasa kwa dada yako. Hapana, hatujifanyi. Ila mwizi wa simu hufuata penye watu: yuko Gikomba, yuko stendi, yuko hata kwenye krusedi. Hakuna anayewaita waumini wezi kwa sababu ya huyo. Hilo la matusi kwa wanawake ni letu, na ningependa wanawake wenyewe walijibu.

Binti wa Kariobangi

Nalijibu. Lipo. Nimelikuta na mimi, na siyo mara moja. Wanaume wa hapa msilifunike kwa kutetea mtaa.

Lakini nataka ndugu wa Lang'ata ajue tulichokifanya. Sisi wasichana wa mtaani tulikuwa tunakwenda mechi za Kariobangi Sharks kwa kikundi. Mwanzoni tulikaa pembeni kabisa, karibu na mlango, tayari kuondoka. Siku moja mzee mmoja, shabiki wa zamani, alisimama mbele ya vijana waliokuwa wakitutupia maneno, akawaambia waimbe au waende. Toka siku hiyo tukawa tunakaa katikati, sisi na akina mama wenye watoto, na wale wapiga ngoma wanakaa nyuma yetu. Ukitukana, ngoma inanyamaza na macho yote yanakugeukia. Ni aibu ambayo hakuna kijana anayeitaka. Sisemi imekwisha. Nasema ilipungua kwa sababu mashabiki wenyewe waliikataa, kabla ya shirikisho au afisa yeyote kutusaidia.

Na kuhusu timu zetu kutokuwa na mashabiki: mnakumbuka Julai 2019, Everton walipokuja Kasarani? Sharks, timu ya mtaa wetu, walitoka nao sare ya 1-1, kisha wakawashinda kwa penalti 4-3. Duke Abuya ndiye aliyefunga bao letu. Nilikuwa pale. Nilipiga yowe mpaka sauti ikapotea, na kando yangu kulikuwa na jamaa wamevaa jezi za Everton ambao penalti zilipofika walikuwa wanashangilia Kariobangi. Wengi wanaotuambia tunapenda Uingereza kuliko kwetu hawakuwepo siku hiyo.

Kondakta wa matatu ya 58

Fupi tu, niko kazini. Siku ya mechi wanapiga mabati ya gari, wanaimba, dereva anakasirika. Nauli wanalipa. Anayekosa analipiwa na mwenzake, na hesabu yangu ya siku ya derby haijawahi kupungua. Kuna abiria wa suti ambao hunisumbua zaidi kuliko hao.

Mzee wa Makongeni

Wanangu, nimesomewa haya na mjukuu wangu, naye ananiandikia.

Nilikuwa Kasarani Desemba 1987 Gor Mahia walipotwaa Kombe la Mandela, lile la washindi wa makombe Afrika. Kule Tunis walitoka 2-2 na Espérance, hapa ikawa 1-1, tukachukua kwa mabao ya ugenini. Uwanja ulikuwa mpya kabisa, wa mwaka ule ule. Mimi ni mtu wa Abaluhya, mtu wa Ingwe damu na mfupa, na siku ile nilimkumbatia kila Mjaluo aliyekuwa karibu nami. Huyo ndiye shabiki wa Eastlands ninayemjua.

Sasa nije kwa hii CHAN. Tikiti ziliuzwa kwa mtandao. Mimi simu yangu ni mulika mwizi. Wazee wengi tuliotembea na timu hii miaka yote tulijikuta nje ya hesabu kwa sababu ya simu. Kijana wa nyumba ya pili, mmoja wa hao mnaowaona wamekaa kwenye kona na kuwaogopa, alinunua yake na yangu kwa pesa yake, akakataa nimrudishie. Akanipeleka Kasarani ile siku ya Morocco. Ryan Ogam akafunga, kisha Erambo akapewa kadi nyekundu, na kipindi chote cha pili tulikuwa kumi dhidi ya kumi na moja. Sijakaa kwenye kiti. Yule kijana alinishika mkono muda wote, mimi nikidhani ananisaidia kusimama, kumbe na yeye alikuwa anatetemeka. Moja bila. Watu walilia.

Robo fainali, Madagascar wakatutoa kwa penalti. Hapo ndipo mngetarajia fujo, sivyo? Sehemu niliyokaa hakuna kiti kilichong'olewa. Tulitoka taratibu, tukachukua gari, tukarudi nyumbani. Hayo sikuyasikia yakitangazwa popote.

Kijana wa Ziwani

Njooni Koth Biro, mashindano yetu ya mtaani ya mwisho wa mwaka, Umeme Grounds. Hakuna ukuta, hakuna jukwaa. Watu ndio ukuta. Wachezaji wa ligi kuu wanashuka kucheza na vijana wa mtaani, na mchezaji akijidai staa anaambiwa papo hapo, mita moja kutoka sikioni mwake. Kona ikipigwa, watu wanajikunyata wampe nafasi mpigaji, kisha wanajaza tena. Hakuna askari anayewaambia.

Mkazi wa Lang'ata

Nimewasoma wote, na dada wa Kariobangi amenigusa. Swali moja lakini. Kama mapenzi ni hayo, mbona mechi nyingi za ligi ukiangalia kwenye runinga viti ni vitupu?

Mwanzilishi, Umoja

Swali zuri, na jibu lake linaniuma. City Stadium, kiwanja ambacho mtu wa Kaloleni, Makongeni, Maringo au Jericho anakwenda kwa miguu, kilifungwa kwa ukarabati kwa muda mrefu mno. Mechi zikahamishwa. Gor na Ingwe, timu zenye watu wengi kuliko zote nchini, zikawa zinacheza "nyumbani" Machakos, yapata kilomita 60 kutoka hapa. Nauli peke yake inapita bei ya tikiti. Fundi wa jua kali anayelipwa kwa siku anatoa wapi pesa hiyo kila wiki, na mechi nyingine ziko Jumatano saa tisa mchana? Halafu mwaka 2022 FIFA ikatusimamisha kuanzia Februari mpaka Novemba, ugomvi wa wakubwa, tukakaa bila hata timu ya taifa ya kushangilia.

Lakini leteni mechi Camp Toyoyo, pale Jericho, muone. Watu hujipanga juu ya ukuta, kwenye ngazi za nyumba, kila mahali jicho linapoweza kufika. Ni Wanairobi hao hao, pesa ile ile mfukoni. Tofauti ni kwamba mpira umerudishwa mahali wanapoweza kuufikia. AFCON ya 2027 inakuja kwetu, Tanzania na Uganda, na uwanja wa watu 60,000 unajengwa Jamhuri, upande wa pili wa jiji. Ningependa wanaopanga mageti na tikiti wafikirie mzee wa Makongeni na simu yake, na usafiri wa kuturudisha Eastlands usiku, kuliko kuanza mapema kuhesabu ni askari wangapi watahitajika kwa ajili yetu.

Watu wa Dandora, Korogocho na Kayole hamjasema kitu. Na nyie wa ndondi pale ukumbi wa Kaloleni, najua mnasoma. Andikeni.